Baruti Kwenye Kopo la Maziwa

Asubuhi ya Jumapili bunduki iliyomuua Khalid ilikuwa juu ya meza ya Fahd, fundi wa silaha, imelazwa kwenye magazeti, na Naqibu Muhanna wa polisi aliizunguka mara mbili bila ya kuigusa. Mtutu ulikuwa mzima. Nyuma, pale ganda linapoingizwa, chuma kilikuwa kimefumuka kwa nje na kipande kizima hakipo. Ilikuwa bunduki ya zamani ya Kiingereza, ya miaka mia na ushei, ile ambayo wenyewe huiita sumaa. Mpaka mwaka huu wa 1997 hakuna harusi ya watu wenye ukoo wao inayokwisha bila ya sumaa mbili tatu kulia nje ya ukumbi. Haitiwi risasi ya kuulia. Ganda hujazwa baruti peke yake, likazibwa kwa kitambaa na nta, basi, ipige kelele watu wafurahi.

Khalid bin Sleyum alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, na Alkhamisi jioni alikuwa harusini, kule Azaiba. Alipiga mara tatu, watu wakamshangilia. Ya nne ikampasukia usoni, na walipomfikisha hospitali alikuwa keshakufa. Ijumaa wakamzika kwao Bustan.

Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kesho saa mbili asubuhi, na lilikuwa na jina moja tu la mtuhumiwa. Risasi zile zilijazwa nyumbani, Wattaya, na Mzee Yaarub, mume wa shangazi yake Khalid, aliyekuwa akiwajazia watu wa ukoo miaka nenda miaka rudi. Lakini jina kwenye jalada halikuwa lake. Lilikuwa la Filomena, mtumishi wa nyumba ile, kwa sababu mkwe wa mzee, Nasriya, alisema alimwona kwenye chumba cha baruti akichanganya makopo. Muhanna mwenyewe ndiye aliyeyaandika maneno hayo Ijumaa, na mwenyewe ndiye aliyeamuru mwanamke awekwe ndani. Tusimfichie. Alikuwa amechoka, nyumba nzima inalia, na mtumishi mgeni ni jibu ambalo halimkasirishi mtu yeyote majilisini, wanakokaa wanaume wa ukoo. Sasa hakuwa na hakika nalo.

Fahd alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu asiyependa kusema kabla ya kuonyesha. Alimwonyesha kwanza kanda ya video aliyoichukua kwa mpiga picha wa harusi. Khalid anapiga mara ya kwanza, moshi mweupe mzito unamfunika mpaka kilemba. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Fahd akairudisha kanda akaipeleka polepole. Ya nne ilitoa mlio mkali zaidi na moshi haba, mtu anaonekana vizuri kabisa anavyoanguka.

Kisha akamwita mezani. Alikuwa amefungua maganda mawili kutoka mkanda wa marehemu, moja la zamani na moja la wiki iliyopita, akamwaga kilichomo juu ya karatasi nyeupe mbili. Karatasi ya kwanza ilikuwa na chembe nyeusi tupu. Ya pili ilikuwa na chembe nyeusi kidogo, na katikati yake vijipande bapa, vyembamba, vya kijivu, vingi kuliko zile nyeusi. Muhanna alilazimika kuinama ndipo akaviona.

"Hivi bapa ni baruti ya bunduki ya marisau," Fahd alisema. "Ya kuwindia ndege, ya kisasa, haina moshi. Ukichukua kijiko kile kile unachopimia baruti nyeusi ukapimia hii, kijiko kinajaa sawasawa. Macho yanaona ni sawa. Chuma cha zamani hakioni hivyo."

Muhanna akauliza kama mtu anaweza kukosea hivyo bila ya kukusudia. Fahd alijibu kuwa baruti haisemi nani kaimimina. Alichoweza yeye ni kuikusanya mikanda yote ya vijana wa harusi ile, na alikuwa keshafanya hivyo, maganda thelathini na moja, hakuna litakalopigwa tena. Muhanna akamshukuru kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

*

Filomena aliletwa chumbani amekunja mikono juu ya tumbo. Mtu wa Bukoba, miaka thelathini na nne, mwaka wa nne katika nyumba ile. Hakulia. Swali la kwanza lilitoka kwake yeye: leo ni Jumapili, je, ataruhusiwa kupiga simu? Binti yake, Violeth, huenda parokiani kila Jumapili saa kumi jioni za kwao akakaa karibu na simu ya padri. Kama simu haikulia ataondoka, na mtoto yule ana mawazo mengi. Muhanna akamwambia wataona. Kisha akamtaka aeleze upya, tangu mwanzo, habari ya makopo.

Akaeleza. Chumba kile alikuwa akikisafisha kila Jumanne, kwa kitambaa kibichi, hapigi ufagio wa plastiki, haingii na kiberiti. Siku yake ya kwanza kazini mzee alimsimamisha mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani akaanza kumsomea masharti, naye akamwambia mzee, kusoma najua. Jumanne iliyopita aliinua makopo mawili apanguse rafu. Moja tupu, moja limejaa. Kila moja akalirudisha mahali pake. Kifuniko hakukigusa.

Muhanna akauliza lile lililojaa lilikuwa limekaa hapo tangu lini.

"Lile alilolileta marehemu?" Filomena akasema. "Tangu Jumatatu. Khalid alilileta kwenye mfuko, akaniambia mpe ami, baba amelirudisha. Mzee alikuwa msikitini, nikaliweka rafuni."

Muhanna akaifungua karatasi yake ya Ijumaa akaisoma juu mpaka chini. Hapakuwa na Khalid wala mfuko. Akamuuliza kwa nini hakulisema hili.

"Hukuniuliza, afande. Uliniuliza kama nilishika makopo. Nikakwambia ndiyo, nilishika."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. Muhanna aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mtu aliyemlaza siku mbili kwenye godoro la polisi. Akaagiza aletewe chai na chakula cha maana, akachukua ufunguo wa gari.

*

Nyumba ya Mzee Yaarub ilikuwa nyuma ya maduka ya magari, uani kwake kuna stoo iliyogeuzwa chumba cha kazi. Dirisha moja, meza moja, mizani ndogo, miwani ya kukingia macho imetundikwa kwenye msumari. Karatasi ya ukutani ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, herufi kubwa zilizonyooka. Hakuna sigara wala mazungumzo. Baruti ya aina moja tu mezani, na ikae kwenye kopo lenye jina na tarehe. Kila ganda lililotiwa baruti limulikwe kwa tochi kabla ya kuzibwa. Ukiitwa katikati ya kazi, mwaga, uanze tena. Chini kabisa, mstari umepigwa mara mbili: usijaze kwa baruti usiyoijua ilikotoka. Muhanna aliyasoma mara mbili. Aliyeyaandika haya hakuwa mzembe.

Rafuni yalikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga, makubwa. Moja tupu. La pili limebaki nusu, na ubavuni pake ile ile karatasi, ule ule mwandiko wa buluu: BARUTI NYEUSI, na tarehe ya miezi mitatu nyuma. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akapeleka dirishani. Vijipande bapa vya kijivu vilikuwamo.

Basi akaipekua nyumba. Alitafuta saa nzima, mpaka kabatini, mpaka juu ya paa penye matangi ya maji, akitafuta bunduki ya marisau au japo risasi yake moja. Hapakuwa na kitu. Mzee hakuwinda maishani mwake, na kila mtu nyumbani aliapa hivyo, Nasriya akiwa wa kwanza. Hapo Muhanna akamsimamisha. Kama nyumba hii haikuwa na baruti ya marisau hata chembe, Filomena alichanganya nini na nini? Aliona kitu kikimiminwa?

Nasriya alitazama sakafu. Aliona makopo mawili mikononi mwa yule mwanamke, alisema. Mengine alidhani. Mkwewe ana miaka sabini na moja na moyo mbovu, jela ataiweza wapi, naye aliogopa. Muhanna hakumgombeza. Alimtaka tu aseme hayo hayo kwa maandishi, naye akayaandika.

Bi Shariffa, mke wa mzee, aliingia na kahawa. Macho yamemvimba, Khalid alikuwa mtoto wa kaka yake, na alimlea miaka miwili alipokuwa mdogo. Muhanna alipokea kikombe kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli kopo lile liliwahi kutoka nyumbani. Lilitoka, akasema bibi. Kaka yake, Sleyum, aliliazima mwezi uliopita, kulikuwa na harusi ya jirani yake Bustan na baruti nyeusi sokoni haipatikani. Yaarub hapendi kuazimisha, lakini shemeji ni shemeji.

"Alipolirudisha, Bi Shariffa, lilirudi vipi?"

Bibi akamtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto. "Lilirudi limejaa, mwanangu. Sisi tumezaliwa Malindi ya Unguja, mimi na Sleyum, mama yetu hakuwahi kurudisha hata kisahani kitupu. Umeazima, unarudisha na kitu ndani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa."

Alisema kwa fahari kidogo, akamwongeza kahawa. Hakujua alichokisema. Muhanna naye alikuwa mtoto wa Unguja, aliondoka na miaka kumi, na mama yake alimpiga kofi siku aliporudisha bakuli la jirani tupu. Akakiweka kikombe chini. Akaomba kumwona mzee.

Mzee Yaarub alikuwa amekaa mkekani na tasbihi ambayo haizungushi. Muhanna alivua viatu, akakaa chini, akafunga mlango kwa mguu.

"Ami Yaarub," alisema, "umejua lini?"

Mzee aliiweka tasbihi mapajani. Kisha akasema, "Ijumaa, tuliporudi kuzika. Nilifungua kopo nikatia vidole." Akavisugua vidole vyake, kama bado anaisikia baruti. "Miaka arubaini na mbili nnajaza, sijamuunguza mtu hata ukucha. Kila ganda nililimulika. Kopo sikulimulika. Kwani nilimulike la nini? Kopo langu, mwandiko wangu. Nimeusoma mwandiko wangu mwenyewe, nikauamini."

"Na ukanyamaza."

"Sleyum kazika mwanawe, Muhanna. Nikamwambie nini? Nimwambie, ile hisani yako ndiyo iliyomuua? Nilisema mzigo huu nitakufa nao mimi. Jina la kwenye karatasi yako lilikuwa la nani? Langu, nilidhani."

Muhanna akamwambia lilikuwa la nani.

Mzee hakuwa akijua. Wenziwe nyumbani walimwambia Filomena kaitwa kujibu maswali, atarudi. Alijaribu kusimama, akakaa tena. Akasema, andika mimi. Mimi ndiye niliyejaza. Muhanna akajibu kuwa atamwandika, hilo halina budi, ametia baruti bila ya kuitazama na mtu amekufa. Lakini mwendesha mashtaka atauliza ile ya kijivu iliingiaje, na mahali pa jibu pakiwa patupu kila mtu atalitia jina la Filomena, kama alivyolitia Muhanna mwenyewe Ijumaa. Na kulikuwa na jambo jengine. Sleyum hajui alikosea. Ana watoto wengine wawili wa kiume, ana bunduki nyengine ukutani, na atajaza tena vile vile kwa moyo safi.

Mzee Yaarub aliinamisha kichwa mpaka ndevu zikagusa kifua. "Basi mwambie kwa upole," alisema. "Na yule mwanamke umtoe leo, wallahi, asilale tena huko."

*

Ilikuwa siku ya tatu ya msiba. Majilisi ya Bustan ilijaa wanaume, kahawa inazunguka, kila anayeingia anawapa mkono walioketi na kumwambia Sleyum maneno yale yale, naye anayapokea. Mtu mrefu, mkavu, kanzu imemlegea shingoni tangu Alkhamisi. Muhanna alisubiri mpaka watu walipopungua baada ya sala ya alasiri, akamwomba watoke kidogo barazani. Alikuwa na karatasi na kalamu mfukoni, na alijihisi mwizi.

Akamuuliza habari ya kopo.

Sleyum hakushtuka. Alilieleza kama mtu anayeshukuru kuulizwa jambo ambalo si kifo. Aliazima limejaa, harusi ya jirani ikala zaidi ya nusu. Akazunguka soko la Matrah kutafuta baruti nyeusi, hakupata. Kulirudisha hivyo aliona aibu. Basi akachukua risasi zake za marisau, boksi zima la kuwindia, akakaa na Khalid hapa hapa barazani wakazivunja moja moja, wakatoa baruti yake wakajazia kopo.

"Baruti ya Ulaya hiyo, safi, bora kuliko ile yake," alisema. "Sikutia kitu duni. Nikalitikisa likae sawa, Khalid akalipeleka."

Ndipo alipomtazama Muhanna usoni. Akatazama ile karatasi. Ndani mtu alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ndogo.

"Kwa nini unaniuliza kopo, mwanangu?"

Muhanna alikuwa ametengeneza maneno njia nzima kutoka Wattaya, ya upole, yenye mzunguko. Yote yalimpotea. "Baruti ile haifai kwenye sumaa, ami," alisema. "Ina nguvu mno. Ami Yaarub alisoma jina lililoandikwa ubavuni, akajaza."

Sleyum alishika nguzo ya baraza. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu, polepole, na Muhanna alijua anachohesabu: boksi, barazani, mkono wake, mkono wa mwanawe, mfuko.

"Alikuwa ananishikia koleo," Sleyum alisema. "Nikamwambia lijae mpaka juu, Khalid. Mpaka juu, ami yako asione tumempunja."

Muhanna alisogea karibu yake. Alisimama naye. Baada ya muda Sleyum mwenyewe akauliza ile karatasi ni ya nini, akaelezwa kuhusu Filomena, amelala ndani siku mbili, ana mtoto anayesubiri simu leo. Sleyum akaipokea kalamu. Hakuisoma karatasi. Alitia saini kila ukurasa ulioonyeshwa, herufi zikienda upande, akaikunja na kumpa.

"Mtoe," alisema. "Hana kosa yule. Mtoe kabla ya magharibi."

Muhanna alikuwa anavaa viatu mlangoni alipotoka Rahaf, binti mdogo wa Sleyum, na bakuli kubwa la bati lililofunikwa kitambaa. Lilikuwa la Maha, mke wa Muhanna. Alilileta Jumamosi limejaa harisi, ule uji mzito wa ngano na nyama, kwa wafiwa. Mama yake Rahaf, Bi Mahbuba, alikuwa amelitia halua na tende kutoka huko ndani anakolia, na anasema ahsante sana.

Muhanna alinyoosha mikono. Sleyum alimtangulia. Akalichukua bakuli kwa binti yake, akafunua kitambaa, akatazama ile halua iliyopangwa vizuri hadi ukingoni. Kisha akaenda kwenye sinia ya barazani akaimwaga yote, tende zikaviringika sakafuni, akalifuta bakuli kwa ncha ya kanzu yake, ndani na nje, mara mbili, tatu, mpaka likang'aa. Rahaf alimtazama baba yake bila ya kuelewa.

"Mwambie mkeo anisamehe," Sleyum alisema, akampa. "Leo chukua tupu."

Muhanna akalipokea kwa mikono miwili. Akaliweka kwenye kiti cha mbele, akaendesha kurudi kituoni. Filomena aliipata simu saa kumi na moja na dakika nne, saa kumi na dakika nne za kwao, na Violeth alikuwa bado hajaondoka.